Mpime Mtoto Macho Kabla Hujamwita Mzito wa Kuelewa

Chukua daftari la hesabu la mtoto wako, ukae nalo peke yako kwa dakika kumi. Usihesabu alama nyekundu. Tazama amekosa vipi. Ubaoni mwalimu aliandika 38 + 25. Kwenye daftari mtoto ameandika 36 + 25, na chini yake jibu: 61. Mwalimu kapiga alama ya kosa, na ana haki, maana jibu alilolitaka ni 63. Lakini mtoto huyu anajua kujumlisha. Amejumlisha bila kasoro hesabu ambayo hakupewa. Fungua kurasa nyingine. Ukikuta 8 inageuka 6 au 3, sentensi zimeishia katikati, maneno yamerukwa kila aliponakili kutoka ubaoni, huku mazoezi aliyoyafanya kutoka kitabuni yakiwa na alama nzuri, unayo sababu ya kutosha ya kumpima macho kabla ya kumtafutia mwalimu wa twisheni.

Katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume. Mtoto akishuka darasani hatua ya kwanza ni kumfokea, ya pili twisheni, ya tatu kumhamisha shule. Macho hayamjii mtu akilini kwa sababu mtoto haonekani kuwa na shida yoyote. Anacheza mpira, anatumwa dukani na kurudi na chenji kamili, hajikwai njiani. Na mwenyewe hasemi kitu.

Hasemi, wala hafichi. Hana cha kulinganisha. Kama tangu aanze shule ubao kwake ni kitu cheusi chenye michirizi myeupe, atajuaje kwamba jirani yake wa dawati moja anaona herufi? Anachokiona ni kwamba wenzake wanasoma na yeye hawezi, basi anakata shauri kuwa wao wana akili na yeye hana. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pengine pote katika suala hili. Kasoro ambayo lenzi mbili zingeimaliza inageuzwa hukumu juu ya akili ya mtoto, na yeye mwenyewe anaikubali. Akichungulia daftari la jirani ili apate kilichoandikwa ubaoni, anaadhibiwa kwa kuangalizia.

Tusidhani ni watoto wachache mno. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliowapima wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,500 jijini Mwanza. Karibu 6 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya kuona inayohitaji miwani, wengi wao wakishindwa kuona mbali, na kati ya hao, waliokuwa na miwani hawakufika hata theluthi. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni watatu. Mwanafunzi wa sekondari aliyegunduliwa leo ameshapita miaka yote ya msingi akikisia.

Na miwani inaleta tofauti gani darasani? Huko China, watafiti waligawa miwani bure kwa watoto wa shule za msingi wenye shida ya kuona mbali, na matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha waliopewa wamewapita wasiopewa katika mtihani wa hesabu ndani ya mwaka mmoja wa shule. Katika jiji la Baltimore, Marekani, kazi kama hiyo ilichapishwa mwaka 2021: alama za kusoma na hesabu zilipanda katika mwaka wa kwanza, na waliosogea zaidi ni wale waliokuwa mkiani kabisa. Wale wale ambao kila shule ina jina la kuwaita.

Dalili zinazoonekana nyumbani

Mwangalie anapotazama televisheni: je, kila ukimrudisha nyuma anasogea tena mbele, mpaka goti linagusa meza? Mwangalie akisoma: je, anainamisha kichwa upande mmoja, anaziba jicho moja kwa mkono, anafuata mstari kwa kidole ingawa umri wa kufanya hivyo umepita, anaruka mstari na kurudi? Anakunja uso na kubana macho akitazama mbali? Analalamika kichwa jioni za siku za shule, lakini likizo kichwa hakimuumi? Hiyo ya mwisho wazazi wengi huimalizia kwa panadoli.

Anayetoka kwenye mwanga akajigonga kwenye vitu giza linapoingia, wakati wenzake wanaona njia, apelekwe hospitali mapema. Kutoona jioni kwa mtoto mdogo kunaweza kuwa alama ya upungufu wa vitamini A. Matone ya vitamini A hutolewa kliniki kila miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na hayapaswi kukosekana kwenye kadi yake. Mezani weka ini, mayai, maziwa, mchicha, matembele, maembe, mapapai na viazi lishe vya rangi ya chungwa.

Yapo pia mambo mawili yasiyosubiri kipimo chochote cha nyumbani. La kwanza ni makengeza. Mtoto mchanga macho yake huweza kutangatanga miezi ya mwanzo, lakini akishavuka miezi 6 na jicho moja bado linakwenda upande wake, mpeleke. Usimsikilize anayesema ni urembo au atakua nayo yaishe. La pili ni weupe ndani ya mboni. Wakati mwingine huonekana kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu: jicho moja limeng'aa jekundu au jeusi, la pili jeupe. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, ugonjwa ambao watoto nao huupata na wengine huzaliwa nao, au saratani ya jicho ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Saratani hiyo ikiwahiwa hutibika. Ikicheleweshwa hutoka nje ya jicho na kuua. Weupe wa mboni ni safari ya wiki hiyo hiyo, hata kama mtoto hana maumivu na anacheka.

Kamba, kadi na herufi E

Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe kwa mtoto wa miaka 4 na kuendelea. Hakitakwambia mtoto anahitaji miwani gani. Kitakwambia kama anapaswa kufika hospitali, na kwa mzazi hilo ndilo jibu la kwanza linalotakiwa.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1862 daktari Mholanzi, Herman Snellen wa Utrecht, alitengeneza chati ya herufi ambayo hadi leo inatundikwa kwenye vyumba vya macho duniani kote. Ukisikia mtoto "anaona 6/6", maana yake akiwa mita 6 anasoma kile ambacho jicho zima hukisoma mita 6. Ukisikia 6/12, maana yake analazimika kusogea mpaka mita 6 ili asome kile ambacho mwenye jicho zima hukisoma akiwa mita 12. Kwa watoto wasiojua kusoma hutumika herufi moja tu, E, inayogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto.

Chora E hiyo wewe mwenyewe. Kwenye kadi nyeupe ngumu piga mraba wa milimita 17 na nusu kila upande. Ugawe kwa mistari ya kulala upate vipande vitano vyenye unene sawa, milimita 3 na nusu kila kimoja. Paka weusi cha kwanza, cha tatu na cha tano. Kisha paka ukanda wa wima upande wa kushoto, wenye unene ule ule, uviunganishe vyote. Tumia wino mweusi kabisa, na kingo ziwe zimenyooka. Ukipendelea kuchapisha kwenye steshenari, pima kwa rula baada ya kuchapisha, maana mashine huongeza au kupunguza ukubwa, na hapa milimita zina maana. E ya ukubwa huo ikisomwa kutoka mita 6 inalingana na 6/12.

Sasa kamba. Azima futi ya fundi, pima mita 6 kamili, funga fundo. Kadi iwe usawa wa macho ya mtoto, visigino vyake viwe kwenye fundo. Fanya asubuhi, nje, upande wa kivuli, au kwenye baraza yenye mwanga wa kutosha. Jua lisimpige usoni na wala lisiwe nyuma ya kadi.

Kabla ya kumpeleka kwenye fundo, chezeni mkiwa karibu, hatua moja tu kati yenu, macho yote mawili wazi. Mwambie hiyo ni meza iliyoanguka, ina miguu mitatu. Anyooshe mkono kuelekea inakotazama miguu. Watoto wengi wa miaka 4 huelewa upesi na kulifurahia zoezi. Asiyeelewa akiwa karibu hawezi kupimwa akiwa mbali, kwa hiyo usiharakishe hapa. Akishakupatia mara tatu mfululizo, mpeleke kwenye fundo.

Ziba jicho la kushoto kwanza. Mtu mwingine azibe, kwa kadi au kwa kiganja kilichopinda kidogo kisichogusa jicho. Usimwachie mtoto azibe mwenyewe kwa vidole: atachungulia katikati ya vidole, au atalibana jicho, na jicho lililobanwa huona ukungu kwa muda na kuharibu kipimo chake likifika zamu yake. Geuza kadi mgongoni mwako kisha mwonyeshe. Fanya hivyo mara tano bila mpangilio anaoweza kuukisia. Akipatia mara nne au tano, jicho hilo limepita. Usimsahihishe, usikunje uso, usimwambie "tazama vizuri". Na angalia kama anabana kope. Kubana kope husaidia jicho bovu kuona zaidi ya uwezo wake wa kawaida, na mtoto atapita kipimo ambacho hakupaswa kupita. Asogee nyuma kama ameegemea mbele. Halafu rudia kwa jicho la pili.

Kila jicho peke yake: hapa hapana njia ya mkato. Mtoto mwenye jicho moja zima na jingine bovu anaishi vizuri kabisa kwa lile zima, na ukimpima macho yote mawili pamoja atapita kila kipimo duniani. Kumbe ubongo wake unazidi kuliacha lile bovu. Kuona ni kazi ya ubongo pia, na ubongo hujifunza kazi hiyo katika miaka ya utotoni. Jicho linaloleta picha isiyo safi, kwa sababu ya makengeza au kasoro inayotaka lenzi, ubongo huacha kulisikiliza, nalo hubaki vivu. Tiba yake ni miwani, na mara nyingi kuziba lile jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Tiba hiyo hufanya vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Baadaye nafasi hupungua, na jicho lililoachwa mpaka utu uzima halifufuliwi na miwani yoyote, hata iwe ya bei gani. Ndiyo maana napendelea kumpima mtoto akiwa na miaka 4 au 5, kabla hata hajaingia darasa la kwanza, kuliko kungoja matokeo ya darasa la nne.

Akishindwa jicho moja au yote, mpumzishe, rudia siku nyingine akiwa ameshiba na hana usingizi. Akishindwa tena, au ikawa wazi kabisa kwamba jicho moja linazidiwa na jingine, huo ndio mwisho wa kazi yako nyumbani. Mpeleke. Mtoto ambaye tayari ana miwani mpime akiwa ameivaa. Akishindwa, miwani imepitwa na wakati.

Sasa niseme kile ambacho kipimo hiki hakikioni, nisije nikakupa amani ya uongo. Wapo watoto ambao mbali wanaona safi lakini karibu wanahangaika. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujivuta, kwa hiyo hata karibu atasoma, ila kwa kazi kubwa: dakika tano nzuri, kisha mistari inachezacheza, kichwa kinauma, anaacha. Mtoto huyo ataipatia E yako mara tano kwa tano. Kwa hiyo mwenye dalili nilizotaja mwanzoni aende hospitali hata kama kamba na kadi vimesema yuko salama. Vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa njiti, na yule ambaye mzazi au ndugu yake ana makengeza au alivaa miwani minene tangu utotoni.

Ukifika hospitali

Hospitali nyingi za mkoa Tanzania zina kitengo cha macho. Kwa matatizo makubwa ya watoto zinajulikana KCMC ya Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Kenya kuna Kikuyu, Sabatia iliyoko Vihiga na Lions SightFirst ya Nairobi. Anayepima na kuandika miwani ni mtaalamu wa optometria. Mwenye kutibu magonjwa na kupasua ni daktari bingwa wa macho. Duka la miwani lenye mtaalamu aliyesajiliwa linaweza kumpima mtoto mkubwa mwenye shida ya kawaida. Mtoto mdogo, mwenye makengeza au mwenye jicho moja dhaifu, nakushauri aanzie hospitali.

Uwe tayari kwa matone. Kwa kuwa jicho la mtoto linajivuta, kulipima bila kulilegeza kunaweza kutoa namba ya uongo. Mtaalamu atamtia matone yanayopanua mboni, msubiri, ndipo apime. Baada ya hapo mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Beba kofia, na siku hiyo asipangiwe mtihani.

Usitoke chumbani bila kuuliza: kila jicho linaona ngapi bila miwani, na litaona ngapi likiwa na miwani? Avae muda wote au darasani tu? Arudi lini? Omba karatasi ya namba uitunze pamoja na kadi ya kliniki. Macho ya mtoto yanakua na namba zinabadilika. Kwa wengi mwaka mmoja ndio mwisho wa kukaa bila kurudi kupimwa.

Miwani iliyoko sandukuni haimsaidii mtu

Hapa ndipo juhudi nyingi huzama, na watu wengi hudhani kazi imeshakwisha. Dar es Salaam ulifanyika utafiti kwa wanafunzi wa sekondari, ukachapishwa mwaka 2008. Kundi moja lilipewa miwani bure, la pili lilipewa karatasi ya namba likanunue. Baada ya miezi mitatu, waliokutwa wameivaa au wanayo shuleni walikuwa 47 katika 100 kwa waliopewa bure, na 26 katika 100 kwa waliopewa karatasi. Tazama namba hizo vizuri. Bei ni kikwazo kweli, lakini hata ilipoondolewa kabisa, zaidi ya nusu hawakuwa na miwani shuleni.

Kabla ya miwani kuna kikwazo kingine: kufika hospitali. Kaunti ya Trans-Nzoia, Kenya, walimu walipima watoto zaidi ya 20,000 katika shule 50. Kwenye shule za utaratibu wa kawaida, wazazi walipewa barua, na watoto 22 tu katika kila 100 waliotakiwa kwenda hospitali walikwenda. Kwenye shule nyingine walimu walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek, wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu na kuonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyouona ubao. Huko walikwenda 54 katika 100. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Mimi najifunza jambo moja kubwa hapo: mzazi hakosi mapenzi, anakosa kuona. Barua ya kubebwa na mtoto haimwonyeshi kitu. Kwa hiyo mama ukishampima mtoto na kugundua shida, usimsimulie baba jioni kwa maneno. Mfanye naye asimame kwenye fundo la kamba, asome E, kisha amtazame mwanawe akishindwa. Nauli itapatikana.

Kuhusu kuinunua: lenzi iwe ya plastiki, siyo ya kioo, kwa usalama wa mtoto akianguka. Fremu imkae puani bila kuteleza anapoinama kuandika, na isimbane nyuma ya masikio. Achague mwenyewe rangi. Mzazi anayechagua fremu ngumu na kubwa ili "akue nayo" analipa pesa ya kitu kitakachokaa sandukuni. Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani ni ya watu wazima wasioona karibu. Lenzi zake mbili zina nguvu moja, na mtoto asiyeona mbali itamzidishia ukungu. Akienda kucheza mpira kuwe na kasha la kuiwekea. Isafishwe kwa maji na sabuni kidogo na kitambaa laini, siyo kwa pindo la sare lenye vumbi la chaki.

Utasikia majirani wakisema miwani huharibu macho, kwamba akianza hataacha. Miwani sahihi haiharibu jicho. Mtoto anaililia kwa sababu sasa ameonja kuona. Namba ikipanda mwaka unaofuata, ni jicho linalokua, na lingekua hivyo hivyo bila miwani. Utasikia pia kwamba miwani itamharibia binti sura. Binti asiyeona ubao anaharibiwa kitu kikubwa zaidi.

Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu. Ataona sakafu imeinama, ataogopa ngazi, na shuleni ataitwa macho manne. Nenda ukaongee na mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Mwalimu akimwambia darasani, "Sasa utatusomea kilichoandikwa ubaoni," na akamsomesha kweli, kejeli hupungua upesi kuliko akiwafokea wanaocheka.

Neno kwa mwalimu

Najua ukubwa wa madarasa yenu, na sitawaambia mumpe kila mtoto muda wake. Lakini kuna mambo yasiyoongeza kazi. Unapoandika ubaoni, sema kwa sauti unachokiandika, asiyeona atasikia. Andika herufi kubwa kidogo, acha nafasi kati ya mistari, na ubao unaong'aa upake rangi upya, maana ule mng'ao unafuta maandishi kwa waliokaa pembeni. Kabla hujamwadhibu anayeangalizia, mpe swali lile lile kwa mdomo. Akilijibu, tatizo lake haliko kichwani. Mwenye macho dhaifu akae mbele, katikati, mbali na dirisha linalompiga mwanga usoni.

Watoto wenye ualbino wanahitaji zaidi ya hayo. Karibu wote wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza, na miwani husaidia bila kumaliza tatizo lote. Kwa miaka mingi wengi wao walipelekwa shule za wasioona na kufundishwa nukta nundu, ilhali wangeweza kusoma maandishi yaliyokuzwa. Mruhusu avae kofia hata darasani, asogee kwenye ubao kila anapotaka, ashike kitabu karibu na uso bila kuambiwa kaa vizuri. Mtihani wake uchapwe kwa herufi kubwa.

Chupa ya matone kutoka duka la dawa

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wana mzio wa macho: yanawasha mno, yanakuwa mekundu au ya kahawia, mtoto anayasugua mchana kutwa. Mzazi huenda duka la dawa, anapewa matone, siku mbili mtoto ametulia. Mzio ukirudi, chupa nyingine. Mengi ya matone hayo yanayotuliza haraka yana steroidi. Yakitumika miezi kwa miezi bila daktari hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na presha ya macho huua mishipa ya kuonea polepole bila maumivu. Kilichoharibiwa hivyo hakirudi. Soma chupa. Ukiona deksamethasoni au prednisoloni na hakuna daktari wa macho aliyekuandikia, acha kumnunulia na mpeleke akaangaliwe. Daktari ana dawa nyingine salama zaidi za mzio huo. Maziwa ya mama, chai, majani yaliyotwangwa na mkojo visiingie kwenye jicho la mtoto kwa sababu yoyote. Kidonda cha kioo cha jicho huanzia hapo.

Mbali na matone, umwache pia atoke nje. Watoto wa mijini sasa wanatoka shule wakiwa wamekaa, wanaingia kwenye gari wamekaa, wanamalizia kwa simu au twisheni mpaka usiku. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za kutoka nje kila siku zilipata watoto wachache zaidi wa kutoona mbali baada ya miaka mitatu: 30 katika 100, dhidi ya karibu 40 katika shule ambazo hazikuongeza. Mwanga wa mchana una faida kwa jicho linalokua. Mchezo wa saa mbili uani si muda uliopotea.

Kadi moja, kamba ya mita 6 na dakika mbili kwa kila mtoto: asubuhi moja inamaliza darasa la watoto 50. Wazazi mlio kwenye kamati za shule, liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa kwanza wa mwaka, na Januari watoto wa darasa la kwanza wapimwe kabla mwalimu hajapanga nani akae mbele na nani akae nyuma.